Waya Usiowasha Kitu

Ukienda kupanga chumba kwa Mama Mageni, pale Ngokolo mjini Shinyanga, usitegemee kuonyeshwa chumba kwanza. Atakupokea vizuri, atakuuliza kwenu wapi na kazi yako nini, kisha atajifunga khanga sawasawa na kukuzungusha nyuma ya nyumba. Huko atakuinamisha, mtu mzima na heshima zako, mpaka uone waya mnene wa shaba unaoshuka ukutani na kuzama ardhini. "Shika," atakwambia. Ukisita, atakukamata mkono mwenyewe na kuupeleka kwenye waya. Akisharidhika kwamba umeuona na umeushika, ndipo mtarudi mbele kuzungumza habari za chumba. Wapangaji wapya hutoka pale wakikonyezana kwamba bibi ameanza kuchanganyikiwa. Waache wakonyezane. Usilolijua ni usiku wa giza, na Mama Mageni giza lake lilimkuta mchana kweupe, nyumbani kwake mwenyewe.

Jina lake la ubatizo ni Lukresia. Alizaliwa Ushirombo, jirani kabisa na misheni, baba yake akiwa seremala wa mapadri. Mzee yule alikuwa mtu wa utaratibu kupita kiasi. Kila msumari aliuuliza kazi yake, na msumari usio na kazi aliung'oa, akaunyoosha, akautia koponi. Kitu kisicho na kazi ni uchafu, ndivyo alivyowaambia wanawe asubuhi na jioni, na Lukresia aliyashika maneno hayo kuliko alivyoishika katekisimu. Hata baada ya kuolewa aliendelea kuyasema kana kwamba ni yake.

Aliolewa na Bujiku, Msukuma wa Kishapu, mpima pamba, mtu wa kucheka kwa sauti na kusahau funguo. Walihamia Shinyanga mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Bujiku alijenga nyumba ya vyumba sita, polepole, msimu wa pamba hadi msimu wa pamba, akaezeka bati la mwisho, akaugua kifua, akafa. Lukresia akabaki na mwana mmoja, Mageni, na nyumba yenyewe.

Usidhani alikuwa mjane wa kuonewa huruma. Vyumba vinne alivipangisha, viwili akakaa yeye na mwanawe, na nyumba ile aliiendesha kama sista mkuu anavyoendesha bweni. Maji ya kuoga hayamwagwi uani. Mkaa hauwekwi koridoni. Atakayekuta taa ya choo inawaka na hamna mtu ndani aizime, hata kama si yeye aliyeiwasha. Watu walimwogopa kidogo na kumpenda sana, kwa sababu mpangaji akiugua ni yeye aliyempelekea uji, na akifiwa ni yeye wa kwanza kujifunga khanga kwenda naye kwenye msiba.

Umeme aliuingiza mwaka sabini na sita, laini ilipofika mtaani kwao. Aliyeifunga nyumba nyaya alikuwa Damian, kijana wa kwao Ushirombo, fundi mwenye leseni na mdomo mwingi. Lukresia alikaa kwenye kigoda siku zote tatu za kazi akitazama kila tundu lililotobolewa. Kazi ilipokwisha akaja mkaguzi wa umeme, Bwana Eustace, mtu mrefu mkimya, na kisanduku chake chenye mpini anaouzungusha kama anasaga kahawa. Alipima chumba kwa chumba. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akachuchumaa, akaushika waya mnene wa shaba, usiovishwa mpira wala chochote, uliotoka ukutani na kuingia ardhini. Akauvuta kuona kama umekazwa.

Lukresia akamwuliza waya ule unawasha taa ipi.

"Hauwashi kitu, mama," alijibu Eustace. "Mafundi wanauita ethi. Unasubiri tu."

"Unasubiri nini?"

"Siku mbaya. Siku chuma chochote humu ndani kitakaposhikwa na umeme, waya huu utaupeleka ardhini, fyuzi itakatika, watu watabaki salama. Usiguswe."

Lukresia aliitikia kwa adabu, lakini moyoni alicheka. Alimhesabu mkaguzi pamoja na wale wanaume wanaopenda kumtisha mwanamke kwa mambo ya kiume. Waya unaokaa kazini miaka na miaka ukisubiri tu! Nyumbani kwake hata kuku asiyetaga hakupewa nafasi hiyo. Taa zikawaka, wapangaji wakafurahi, naye akaupanga mrundiko wa kuni pale pembeni ya waya, maisha yakaendelea.

Miaka mitatu ikapita. Vita vya Uganda vilikuwa vinaelekea ukingoni, sabuni haipatikani, sukari ndiyo usiseme, wakati Paskalina, mke wa Mageni, alipojifungua mapacha. Mageni mwenyewe alikuwa safarini na lori la pamba kama kawaida yake. Watoto walizaliwa wadogo mno, wamejikunja kama viganja vya mzee. Kulwa alinyonya kwa shida. Doto hakutaka kunyonya kabisa. Lukresia aliwabatiza yeye mwenyewe kwa maji ya kikombe, maana Mkristo yeyote anaruhusiwa wakati wa hatari, kisha akakaa akiwatazama wakipumua na kuhesabu pumzi zao.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka Kishapu kwa ndugu wa marehemu Bujiku. Katika ukoo ule mapacha walivishwa bangili za shaba, pande mbili za shaba moja, ili asitokee mmoja kumwita mwenzake waende zao. Na shaba hiyo isinunuliwe wala isiombwe. Itoke katika nyumba waliyozaliwa. Lukresia, mtoto wa misheni, alinung'unika kwanza. Lakini ukoo wa mume ni ukoo wa mume, na bibi ni bibi, na Doto alikuwa amekataa ziwa tangu asubuhi. Maji ya ubatizo yametangulia, akajiambia, shaba ikifuata haitakuwa dhambi kubwa. Akaenda kwa Jilala, mfua shaba wa karibu na mnada, na Jilala akamwambia kwamba miaka ile ya dhiki kila mteja alileta shaba yake mwenyewe.

Alipekua nyumba nzima. Sufuria zake zote zilikuwa za bati na za alumini. Hakuwa hata na kitasa cha shaba. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, mikono kichwani, alipouona waya wa Bwana Eustace ukichungulia nyuma ya kuni. Ulikuwa mwekundu, mnene, mzuri, wa nyumba hiyohiyo, na hauwashi kitu.

Mtu asije akasema kwamba alifanya pupa. Alisubiri umeme wa mji ukatike, kama ulivyokuwa ukikatika dizeli ikiadimika, akaingia kila chumba kuhakikisha kwamba hakuna taa inayowaka. Alivaa ndala za mpira. Akapiga panga juu, karibu na ukuta, akapiga panga chini, karibu na ardhi, akapata kipande cha kama dhiraa moja. Umeme uliporudi alikaa uani akitega sikio. Taa zote ziliwaka. Redio ya Thobias, mpangaji wa chumba cha kwanza, iliimba vilevile. Lukresia akamcheka mkaguzi mara ya pili, akarudishia kuni mahali pake.

Jilala aliufumua ule waya na kukuta ndani yake nyuzi saba. Alisuka tatu kwa Kulwa, tatu kwa Doto, akagonga ncha zake zisiwachome watoto. Uzi wa saba uliobaki aliukunja tu ukawa kikuku chembamba cha mkono, akamvisha Lukresia mwenyewe. Na Doto akanyonya. Wiki ile ile, Mungu shahidi, akanyonya mpaka akabeua. Kulwa akanenepa. Baada ya miezi mitatu ungewaona usingeamini kwamba ndio wale. Lukresia alitembea mtaani kichwa juu akiwaonyesha watu wajukuu na bangili zao, akijisifu kwamba kile kitu kilikaa ardhini bure miaka mitatu mpaka yeye alipokipa kazi.

Sasa nimtaje Serafina, ingawa kumtaja kunaniuma. Alikaa chumba cha tatu. Alikuwa binti wa Bukombe, mhudumu wa hospitali, miaka ishirini na mbili, mwembamba, mwenye mwanya na hatua za haraka. Baba yake, mzee Ansgar, mkulima, alimleta mwenyewe kwa basi akiwa na kuku wawili mkononi. Hakumkabidhi kwa mji wala kwa hospitali. Alimkabidhi kwa Lukresia, kwa sababu Lukresia ni mtu wa Ushirombo na anajua malezi ya misheni. "Nakuachia mtoto," alisema, na Lukresia akaitikia kwamba hapa yuko kwa mama yake. Na ni kweli alikuwa kwa mama yake. Jumamosi, siku yake ya mapumziko, Serafina aliwachukua mapacha tangu asubuhi, akawaogesha, akawapaka mafuta, akakaa nao uani na kibakuli chake akiwasugua hiki na kile, na jioni akawarudisha kwa Paskalina wanang'aa mpaka kucha.

Sare yake nyeupe aliinyoosha kila asubuhi. Zamani alitumia pasi ya mkaa, na cheche zilimtoboa gauni mara mbili. Mwaka mpya wa themanini akanunua pasi ya umeme kwa mtu aliyekuwa akihama mji, pasi nzito ya zamani, akaifurahia kuliko vyombo vyake vyote.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa pili, mvua imenyesha tangu alfajiri. Serafina alitoka bafuni uani, akakatiza matope pekupeku, akamsalimia Lukresia aliyekuwa anapepeta mchele barazani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, utachelewa." Akacheka, akaingia ndani na miguu yake mibichi. Lukresia alisikia swichi ikibofywa. Hakusikia ukelele, na jambo hilo linamsumbua mpaka leo. Alisikia kishindo kimoja tu, kama gunia la mahindi linavyotuliwa, halafu harufu ya kitambaa kinachoungua.

Aliita, hakuitikiwa. Akasukuma mlango. Serafina alikuwa chini kwenye sementi, mkono wa kulia umekunjika na kuing'ang'ania pasi kifuani kwake, macho wazi. Sare nyeupe ilikuwa bado mezani, na khanga aliyojifunga ilikuwa inatoa moshi chini ya pasi. Lukresia alitaka kumrukia, na angemrukia, lakini Thobias alimdaka kiunoni kwa nyuma, akamtupa koridoni na kukimbilia swichi kuu. Alipoizima mkono wa Serafina ukaachia pasi wenyewe. Walimpakia kwenye mkokoteni wa maji, wakasukuma mpaka hospitali kwenye matope yale, na wauguzi waliompokea walikuwa wenzake wa zamu, wakimsubiri kazini. Alikuwa ameshakufa.

Mimi sijui maneno ya kueleza hali aliyorudi nayo Lukresia siku ile. Hakulia. Alikaa barazani, akauchukua ungo wake, akaendelea kupepeta mchele uleule, tena na tena, mpaka Paskalina akamnyang'anya ungo. Kila aliyekuja kumpa pole alimwuliza jambo moja, kwamba imekuwaje mtu anyooshe nguo yake mwenyewe afe.

Jibu likaletwa na mtaa. Fundi Damian, watu wakakumbushana, alikuwa na doa. Mwaka juzi huko Ndembezi alikamatwa na mchezo uliokuwa ukichezwa na mafundi wachache siku zile za uhaba: anafunga waya wa ardhini siku ya mkaguzi, mkaguzi akishapita anaufungua na kwenda kuufunga kwa mteja mwingine, ukaguliwe tena. Waya mmoja unapitisha nyumba kumi. Alionywa, akapewa nafasi ya mwisho. Damian aliposikia msiba alikuja mbio na baiskeli, akaiangusha getini, akaingia uani huku anahema. Na Lukresia alisimama, akamnyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Muuaji," alisema. "Nilikukalisha nyumbani kwangu kama mwanangu, kumbe ulikuja kuniulia mtoto."

Aliyasema kwa moyo wake wote. Lazima hilo lieleweke, alikuwa anaamini; panga lake na bangili za wajukuu havikumjia akilini kabisa. Watu wakamvamia Damian, na kama si polisi waliofika kuandika habari za kifo angepata kilema siku ile. Polisi wakaondoka naye, awekwe ndani mpaka mkaguzi Eustace arudi kutoka Nyahanga, Kahama, alikokuwa anapima nyumba.

Siku ya pili wakamsafirisha Serafina kwao Bukombe. Mzee Ansgar hakumlaumu mtu. Alimshika Lukresia mikono yote miwili, akamshukuru kwa kumlea binti yake.

Siku ya tatu, mara Lukresia aliporudi, Bwana Eustace akafika na kisanduku chake, pamoja na sajini wa polisi na Damian mwenye pingu, jicho moja limevimba. Eustace aliifungua pasi kwanza. Akawaonyesha waya wa ndani uliochakaa mpaka ukagusa bati la pasi. Watu wakashusha pumzi, kumbe ni pasi. Eustace akatikisa kichwa. Pasi mbovu, alisema, zimo katika kila mtaa. Nyumba ikiwa kamili, pasi hii ingekata fyuzi, binti angenung'unika kwamba sare haijanyooka, akaenda kazini na mikunjo yake. Akazungusha mpini wa kisanduku kwenye soketi ya chumba cha tatu, akatazama mshale, akazungusha tena. Kisha akaomba aonyeshwe nyuma ya nyumba.

Kuni ziliondolewa gogo kwa gogo. Lukresia alikuwa amesimama nyuma ya sajini, khanga imemfunika mpaka kichwa, akingoja kwa hamu kuuona uovu wa Damian kwa macho yake. Gogo la mwisho likaondoka. Ukutani palitokeza kibutu cha waya, urefu wa kidole, kimekatwa mshazari. Ardhini kingine. Eustace akakigusa kile cha juu.

"Waya wa ethi ulikuwa hapa. Nimeushika kwa mkono huu mwaka sabini na sita. Nyuzi saba."

Basi hapo ndipo ukweli ulipomfikia. Si kidogokidogo, ulimfikia wote kwa mara moja, toka unyayoni hadi utosini. Aliuona mkono wake mwenyewe ukipiga panga. Alijiona na ndala zake za mpira, akienda chumba hadi chumba kuhakikisha umeme umekatika, akijisifu kwa uangalifu. Hauwashi kitu, mama. Unasubiri tu. Kikuku cha uzi wa saba kilikuwa kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto, nje, kweupe, na yeye akauvuta upindo wa khanga taratibu akakifunika.

Sajini alikuwa amemgeukia Damian. Alimkumbusha ya Ndembezi. Damian akasema Ndembezi alikosa na alikiri, ila hapa hakugusa. Hakuna aliyemsikiliza. Eustace alikitazama tena kile kibutu, akasema kwamba panga si chombo cha fundi, lakini alisema polepole, na sajini akamjibu kwamba mwizi hachagui chombo. Ndipo Damian akamtafuta Lukresia kwa lile jicho lake moja zima.

"Mama, niliufunga ukiwa umekaa kwenye kigoda chako. Mimi sikurudi tena nyuma ya nyumba hii. Unanijua. Sema."

Na Lukresia hakusema. Mimi ninayempenda mama huyu sitamfichia hilo. Wakaondoka na Damian, na sajini alikuwa anazungumza habari za kumfikisha mahakamani kwa mauaji bila kukusudia. Watu wakampongeza Lukresia kwamba haki ya Serafina itapatikana. Mwanamke mmoja akampigia na vigelegele.

Alipobaki peke yake barazani, Doto alimjia kwa kutambaa. Bangili iligonga sementi kila alipopeleka mkono mbele, ko, ko, ko, mpaka ikafika miguuni pake. Mtoto akashika khanga ya bibi yake ajiinue. Lukresia aliutazama ule mkono mnono, na zile nyuzi tatu zilizosukwa vizuri, na wazo la kwanza lililomjia, Mungu amsamehe, ni kwamba shimo la choo liko karibu, na bangili zikitumbukizwa humo hakuna atakayeona.

Alimwambia Paskalina kila kitu. Alidhani akilisema litapungua uzito, lakini ni Paskalina aliyeelemewa. Alikaa chini, akamkumbatia Kulwa. Kisha akamsihi anyamaze. Serafina hatafufuka, alisema. Damian ni kijana, tena alishaiba, jela ya miaka michache atatoka. Na bangili zikivuliwa, je, watoto wakigoma kula tena? "Mayu, mama, utawapeleka watoto wangu kaburini na wewe uende jela?" Lukresia alichoweza kusema ni kwamba mzee Ansgar amemshukuru. Aliirudia kauli hiyo mara tatu. Amenishukuru, Paskalina.

Mchana uleule akachota samli, akampakata Doto. Bangili zilikuwa zimevikwa watoto wangali wadogo, na mikono ilikuwa imejaa. Alipaka samli, akavuta, mtoto akalia, akaacha, akapaka tena. Paskalina alikuwa amegeukia ukutani. Kulwa naye alilia kabla hajaguswa, kwa kumsikia mwenzake. Zilipotoka ziliacha alama nyeupe mikononi, nao wakazitazama alama hizo kwa mshangao. Lukresia akazifunga bangili kwenye leso, akavaa viatu vya kanisani na kutembea kwa miguu hadi kituoni.

Eustace alikuwa bado yupo, akiandika taarifa yake kwenye kona ya meza ya sajini. Lukresia hakungoja kuulizwa. Aliifungua leso mezani, akavua kikuku chake, akakiweka kando ya zile bangili mbili. Akasema ni yeye. Akasema siku, akasema panga, akasema sababu. Sajini aliacha kalamu, akamtazama kama anayeona mtu amevua nguo barabarani. Akamwuliza kama anafahamu anachosema, akamwuliza tena. Kisha akaagiza Damian aletwe.

Damian aliletwa akasimama mlangoni. Alivitazama vile vitu mezani, akamtazama Lukresia. Lukresia alikuwa amejiandaa kwa matusi. Njia nzima alikuwa amejiandaa.

"Uliniita muuaji mbele ya watu," alisema Damian, kwa sauti ndogo.

"Nilikuita. Nitarudi kulifuta mbele ya watu walewale."

Na alilifuta. Jumapili ile alisimama uani kwake, akawaambia ukweli wale waliokuwa wamempongeza. Kesi yake ilichukua miezi, hakimu akamfunga kifungo cha nje, Damian akarudi kuufunga waya mpya kwa mkono wake mwenyewe na hakutaka hata maji ya kunywa. Mapacha hawakugoma kula. Lakini hayo yalikuja baadaye, nayo si kitu akiyalinganisha na lile lililotokea pale kituoni kabla hajatoka.

Bwana Eustace alikuwa amezichukua bangili, anazihesabu nyuzi. Tatu, tatu, na mmoja wa kikuku, jumla saba. Akakiweka kikuku cha Lukresia kwenye kiganja kimoja na bangili za watoto kwenye kiganja kingine. Kikuku kilikuwa kimefifia, cheusicheusi, kina ukijani pembeni, kama shaba inavyokuwa ikishavaliwa miezi. Bangili zilikuwa nyekundu zinawaka, kana kwamba zimetoka kwa mfua shaba jana.

"Waya ni mmoja," alisema Eustace. "Mbona hizi zinang'aa hivi?"

Lukresia alizitazama. Alikiona kibakuli cha Jumamosi, chenye majivu na ndimu. Aliona mwanya, na vidole vyembamba vikisugua kwa uangalifu uzi baada ya uzi, mtoto akicheka. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Ni Serafina," alijibu. "Alikuwa anazisugua kila wiki."